Je, Mtoto Wetu Ajaribiwe Dawa?

Usiku mmoja, tulipokuwa tumekwisha sali isha na tumekaa barazani pamoja na watu wa nyumbani kwetu, simu ililia. Aliyetupigia alikuwa kijana wa jirani yetu ambaye tulimsomesha msahafu alipokuwa mdogo, na hata leo, ijapokuwa ana ndevu zake na kazi yake, hutwita Maalim. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayejizuia kulia. Mkewe alikuwa amejifungua siku nne kabla, mimba ikiwa ya miezi saba na siku chache. Mtoto, wa kiume, alikuwa katika wadi ya watoto njiti, ndani ya kisanduku cha joto, na tangu alfajiri ya siku ile alikuwa akitapika maziwa anayopewa kwa mpira, mwili umelegea, na pumzi zake zakatika na kurudi.

Daktari alikwisha kumwambia kwamba vijidudu vimeingia katika damu ya mtoto. Kisha akamwambia jambo la pili. Katika hospitali ile kulikuwa na uchunguzi wa kulinganisha dawa: watoto wengine hupewa dawa zilizozoeleka, na wengine hupewa mchanganyiko mwingine wa dawa mbili ambao haujazoeleka kwa watoto wachanga, na aingiaye huku au kule huchaguliwa kwa kura. Akiridhia baba, mtoto wake ataingizwa humo. Asiporidhia, atatibiwa kama kawaida wala hapana atakayemlaumu. Karatasi ya ridhaa ilikuwa mkononi mwake, na dawa haikuweza kungoja asubuhi.

"Maalim," akatuuliza, "yajuzu? Mama anasema mjukuu wake si panya wa kujaribiwa dawa. Nimjibu nini daktari?"

Tulinyamaza. Baadaye tukamwambia amtegemee Mwenyezi Mungu, na kwamba tutamwombea dua. Ni maneno mema, na dua tuliiomba kweli, lakini hayakuwa jibu la swali aliloliuliza, naye alijua, na sisi tulijua kwamba anajua.

Twataka kueleza kwa nini tulinyamaza. Miaka sita kabla ya usiku ule tulimzika mjukuu wetu, mtoto wa binti yetu wa pili, aliyeishi siku tisa. Naye alizaliwa kabla ya wakati wake, naye aliugulia hospitalini, si nyumbani. Alipewa kwanza dawa mbili ambazo ndizo wanazoanziwa watoto wachanga katika nchi nyingi, ampisilini na jentamaisini. Alipokuwa hapati nafuu alibadilishiwa, akapewa ya tatu. Ndipo majibu ya damu yakatoka maabara: kijidudu kilichokuwamo hakikudhurika kwa hata moja katika zile tatu. Ikaandikwa dawa ya nne, nayo haikuwamo ghalani. Mkwe wetu alizunguka mji mzima, duka kwa duka, akaipata kwa fedha za kukopa. Mtoto alitiwa sindano mbili za dawa ile, kisha akafariki. Kaburi la mtoto wa siku tisa halichukui muda kuchimbwa. Tulipofika makaburini wachimbaji walikuwa wamekwisha kaa kivulini. Hatumlaumu daktari wala muuguzi. Tuliwaona walivyohangaika. Lakini tangu siku ile neno hospitali, dawa na mtoto mchanga yakikutana katika sentensi moja, ulimi wetu huwa mzito.

Asubuhi ya pili yake tuliona haya. Mtu aitwaye Maalim asipokuwa na jibu, si aibu. Aibu ni kutolitafuta. Basi tukaanza kuuliza na kusoma, na tabibu mmoja tuliyecheza naye utotoni akatuvumilia kwa maswali mengi ya kijinga. Tuliyoyapata ndiyo haya, nasi twayaandika kwa ajili ya mababa na mama wa kesho ambao watapewa karatasi kama ile.

Kijidudu kilichomwua mjukuu wetu huitwa Klebsiella pneumoniae. Hukaa katika matumbo ya watu wengi wazima bila ya kuwadhuru. Khatari yake ni hospitalini: hukaa katika beseni la kunawia, katika mipira ya kupitishia maji na hewa, na khasa katika mikono ya watu. Mtoto njiti ana ngozi nyembamba kama karatasi ya sigara, na askari wa mwili wake hawajajifunza kazi. Kijidudu ambacho kwetu ni jirani mkimya kwake huwa mvamizi. Na kijidudu hiki kimejifunza kutengeneza vitu vya kuvunjavunja dawa kabla hazijakifikia. La ajabu zaidi ni kuwa elimu hiyo chaweza kumpa kijidudu mwenziwe, hata asiyekuwa wa jinsi yake, kama mtu anavyomwazima jirani ufunguo.

Mambo haya hayakuanza jana. Penisilini iligunduliwa na Alexander Fleming mwaka 1928. Mwaka 1940, kabla dawa hiyo haijawafikia watu wote, wataalamu wawili wa Oxford, Abraham na Chain, walikwisha kuona kijidudu kinachotoa kitu cha kuiharibu. Fleming mwenyewe, alipopokea nishani ya Nobel mwaka 1945, aliwaonya watu kwamba dawa ikitumiwa kidogo kuliko inavyopasa huwafundisha vijidudu kuizoea. Dunia ilisikia, ikaendelea na shughuli zake. Katika mwaka 2019 peke yake imehesabiwa kwamba watu milioni 1.27 walikufa kwa sababu ya vijidudu ambavyo dawa zimevishindwa.

Nasi tusijitoe. Siku moja watu wa nyumbani kwetu walipopangua kabati, walitoa mfuko wenye vidonge vya rangi mbili: vitatu vya mtu mmoja, vitano vya mwengine, vilivyobaki kila mgonjwa alipojiona hajambo, na vingine tulivyovinunua wenyewe dukani kwa kuhesabiwa, vinne vinne, kwa ajili ya mafua ambayo vidonge hivyo haviyatibu kabisa. Hatudai kwamba vidonge vya kabati letu ndivyo vilivyomwua mjukuu wetu. Twasema tu kwamba tulivikuta.

Sasa, kwa nini dawa mbili, na si moja iliyo kali? Tabibu wetu alitueleza kwa hesabu. Tuseme katika vijidudu milioni moja kimo kimoja kinachoweza kuiokoka dawa ya kwanza, na katika milioni moja kimo kimoja kinachoweza kuiokoka dawa ya pili. Ukitoa dawa moja, huyo mmoja hubaki, akazaa, na baada ya siku chache wote ni wanawe. Ukitoa zote mbili pamoja, yapasa apatikane mmoja anayeziokoka zote mbili kwa mara moja, naye, ikiwa njia za dawa hizo hazihusiani, ni mmoja katika milioni mara milioni. Hesabu hii ndiyo iliyowaokoa wagonjwa wa kifua kikuu. Baada ya vita vya pili, dawa ya streptomaisini ilipotolewa peke yake, wagonjwa wengi walipata nafuu kisha wakarudi kitandani, kwa kuwa vijidudu vilikuwa vimeizoea. Ilipochanganywa na dawa ya pili, mambo yakabadilika.

Na hapa twapenda kutaja jambo ambalo vijana wetu wengi hawalijui. Wazee wanakumbuka kwamba kifua kikuu kilikuwa kikitibiwa kwa muda wa mwaka mmoja na nusu. Mwaka 1972 yalichapishwa matokeo ya majaribio yaliyofanywa katika Afrika ya Mashariki kwa ushirikiano na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, yaliyoonyesha kwamba wagonjwa waliopewa streptomaisini na aisoniazidi pamoja na rifampisini, au pamoja na pirazinamaidi, waliweza kupona kwa miezi sita. Leo watu wa dunia nzima wanatibiwa kwa muda uliofupishwa kwa sababu wagonjwa wa hapa kwetu, ambao majina yao hayakuandikwa popote tunapoweza kuyasoma, walikubali kujaribiwa. Na wao walikuwa na mama zao.

Turudi kwa watoto wachanga. Baina ya mwaka 2018 na 2020 madaktari waliwafuatilia watoto wachanga 3,204 waliodhaniwa kuwa na vijidudu katika damu, katika hospitali 19 za nchi 11. Zikiwamo Kenya, Uganda, Afrika Kusini, Bangladesh, India na Brazil. Matokeo yalichapishwa mwaka 2023. Kijidudu kilichoonekana zaidi ni hicho hicho cha mjukuu wetu. Kati ya watoto ambao kijidudu kilipatikana katika damu yao, karibu 18 katika kila 100 walikufa. Lakini lililotushtua sisi si idadi ya vifo, kwa kuwa kifo tulikwisha kukiona. Lililotushtua ni hili: madaktari wa hospitali hizo walikuwa wametumia michanganyiko ya dawa zaidi ya 200 iliyo mbalimbali.

Msomaji na atulie hapo kidogo. Maradhi mamoja, na michanganyiko zaidi ya 200! Si kwamba madaktari wale ni wazembe. Kila mmoja, usiku wa manane, mbele ya mtoto anayekata pumzi, alichagua kwa akili yake, kwa dawa zilizomo ghalani, na kwa yale aliyoyaona kwa mtoto wa jana. Hiyo ndiyo iliyoitwa "tiba ya kawaida" katika karatasi ya kijana wetu, na hiyo ndiyo aliyotibiwa mjukuu wetu: dawa mbili, kisha ya tatu, kisha ya nne. Bibi wa mtoto aliogopa majaribio. Kumbe mtoto wetu naye alijaribiwa, tena mara tatu. Ila hapana aliyeandika katika daftari, hapana aliyelinganisha, na kifo chake hakikumfundisha mtu neno lolote. Tulipolifahamu hili hatukuweza kulala vyema kwa siku kadhaa.

Sasa tueleze jinsi dawa hizo mpya za wawili wawili zinavyojaribiwa kabla hazijamgusa mtoto, maana hapo ndipo watu wengi wanapodhani kwamba daktari huamka asubuhi akachanganya tu.

Kwanza kuna kisahani chenye vishimo 96, safu nane kwa kumi na mbili, mfano wa ubao wa dama. Katika kila kishimo hutiwa vijidudu. Dawa ya kwanza huongezwa kidogo kidogo kutoka kushoto kwenda kulia, na ya pili kutoka juu kwenda chini. Kesho yake mtu hutazama wapi maji yamekuwa meupe ya ukungu, yaani vijidudu vimezaa, na wapi yamebaki safi. Kwa njia hiyo hujulikana kama dawa mbili zasaidiana, au kila moja yafanya kazi yake peke yake, au zagombana. Kwani ziko dawa zigombanazo kama wake wenza.

Lakini kisahani si mtoto. Katika kisahani dawa hukaa palepale. Katika mwili, figo huitoa saa baada ya saa. Kwa hiyo wataalamu wa Liverpool, huko Uingereza, walitumia chombo chenye mirija myembamba kama nywele, iliyofungwa pamoja ndani ya mtungi mdogo. Vijidudu huwekwa nje ya mirija, na dawa hupitishwa ndani yake, ikaingizwa na kutolewa kwa kadiri ile ile ambayo figo za mtoto mchanga zingeitoa. Ni kama kujenga damu na figo za mtoto mezani, bila ya mtoto. Huko ndiko walikojaribu dawa tatu za zamani zilizosahauliwa au zinazotumiwa katika nchi chache: fosfomaisini, iliyopatikana Hispania mwaka 1969 kutokana na udongo, flomoksefu, inayotumiwa Japani, na amikasini. Mbili za kwanza huzuia kijidudu kujenga ukuta wake, kila moja katika hatua yake, moja mwanzoni mwa kazi na moja mwishoni; ya tatu huingia ndani, ikaharibu karakana ya kutengenezea protini. Zilipounganishwa mbili mbili, ziliweza kuvizuia vijidudu ambavyo dawa moja haikuviweza.

Baadaye ikaja zamu ya watoto wenyewe, na hapa khabari yatuhusu sisi watu wa pwani moja kwa moja. Mwaka 2018 na 2019, katika hospitali ya Kilifi, watoto wachanga 120 waliingizwa katika uchunguzi: nusu wakapewa ampisilini na jentamaisini, na nusu wakapewa hizo pamoja na fosfomaisini. Haikutazamwa bado nani apona zaidi. Lililotazamwa ni usalama na kipimo. Fosfomaisini ya sindano ina chumvi nyingi ndani yake, na chumvi ikizidi katika damu ya mtoto ni khatari. Basi wakapima damu zao wasikisie. Chumvi haikuonekana kuwadhuru. Ndipo ukaandaliwa uchunguzi mkubwa uitwao NeoSep1, ulioanzia katika hospitali za Afrika Kusini na Kenya, wenye nia ya kuwafikia watoto hadi 3,000 katika nchi mbalimbali, ili michanganyiko ile mitatu ya dawa hizo ipangwe pamoja na ile inayotumiwa sasa, ijulikane upi ni wa kwanza na upi ni wa mwisho.

Kura ilimchukiza sana bibi wa mtoto. "Uhai wa mtu wapigiwa kura?" alisema. Nasi tulipata kufikiri kama yeye, mpaka tukakumbuka kwamba kura si jambo geni katika dini yetu. Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa akipiga kura baina ya wakeze alipotaka kusafiri, ili hapana atakayeweza kusema amependelewa mwenziwe. Katika tiba ni hivyo hivyo. Daktari akichagua mwenyewe, huenda akawapa dawa mpya watoto walio na nguvu, kisha akadhani dawa ndiyo iliyowaponya. Kura humfunga mikono asijidanganye.

Wala kulinganisha si uzushi wa Wazungu, kama mzee mmoja alivyotuambia msikitini. Abu Bakr al-Razi, aliyekuwa mkuu wa hospitali ya Baghdad na aliyefariki kiasi cha mwaka 925, aliandika kwamba katika maradhi ya homa ya utando wa ubongo aliwaumika wagonjwa wa kundi moja, akawaacha kwa makusudi wa kundi la pili bila ya kuwatoa damu, ili apate kujua. Na Ibn Sina, katika kitabu chake cha Qanun, aliweka masharti ya kujaribu dawa, mojawapo likiwa kwamba sharti ijaribiwe kwa binadamu, kwani iliyomfaa simba au farasi huenda isimfae mtu. Wazee hao waliijua adabu ya kutojua, na sisi warithi wao twaona kutojua ni fedheha ya kufichwa.

Tukifika hapo twaweza kudhaniwa tumekuwa wapiga debe wa hospitali. La. Yako mambo mawili ambayo lazima tuyaseme, ama sivyo tungekuwa tumemdanganya yule kijana.

La kwanza ni kwamba dawa mbili si lazima zishinde moja. Katika nchi za Ugiriki, Italia na Israel, kuanzia mwaka 2013 hadi 2016, wagonjwa 406 wenye vijidudu sugu vya hospitalini waligawanywa kwa kura: wengine wakapewa kolistini peke yake, wengine kolistini pamoja na meropenemu. Maabara ilikuwa imetoa matumaini makubwa. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2018 hapakuwa na tofauti ya maana baina ya makundi mawili. Basi yeyote amwambiaye mzazi kwamba mchanganyiko mpya hakika ni bora, huyo amekwisha kusema uongo. Lau ingejulikana, pasingekuwa na haja ya kujaribu.

La pili ni zito zaidi. Bibi wa mtoto aliposema mjukuu wake si panya, hakusema ujinga. Mwaka 1996, katika mji wa Kano huko Nigeria, ulipozuka ugonjwa wa homa ya uti wa mgongo, kampuni ya Pfizer iliwajaribu watoto wapatao 200 kwa dawa yake mpya iitwayo Trovan, nusu wakipewa hiyo na nusu dawa nyingine. Kumi na mmoja walikufa, baadhi yao katika kundi hili na baadhi katika lile. Wazazi wengi walisema hawakuambiwa kwamba yale ni majaribio. Kampuni ilikanusha kosa, lakini mwaka 2009 ilipatana na serikali ya jimbo la Kano kwa dola milioni 75. Na ile khofu haikuishia mahakamani. Mwaka 2003 chanjo ya polio ilipopelekwa Kano ilikataliwa, na miongoni mwa sababu zilizotajwa ilikuwa ni kumbukumbu ya watoto wale. Watoto wa Kano walikuwa Waislamu kama wetu, na wazazi wao walikwenda hospitali kwa imani kama tunavyokwenda sisi. Imani ikivunjwa mara moja, hulipwa na watoto ambao hata hawakuwapo.

Kwa hiyo ridhaa ndiyo kiini cha jambo zima. Mtoto ni amana mikononi mwa walii wake, na walii hawezi kuitoa amana asiyoelezwa inakokwenda. Tabibu wetu alitufundisha maswali ambayo baba au mama ana haki ya kuyauliza, hata kama saa ni nane za usiku na daktari amechoka. Dawa hii imekwisha kupewa watoto wachanga wangapi, na nini kiliwapata? Mtoto wangu akizidi kuumwa, atabadilishiwa dawa mara moja au atangojewa? Nikiridhia sasa na kesho nikakataa, atatolewa bila ya kukatiwa matibabu? Nani, asiyekuwa daktari huyu, anayesimamia uchunguzi huu na kuwa na uwezo wa kuusimamisha? Na aelezwe kwa Kiswahili, au kwa lugha ya nyumbani kwake. Akijibiwa vyema, sisi hatuoni cha kumzuia kuridhia. Akijibiwa kwa ukali au kwa haraka ya kutaka sahihi tu, na akatae, wala asione haya. Haya ni maoni yetu. Masheikh wenye elimu kuliko sisi na waulizwe.

Labda msomaji ataka kujua kijana wetu alifanyaje usiku ule. Alikataa. Mtoto alitibiwa kwa dawa za kawaida, akakaa hospitalini siku 26, na alhamdulillahi akapona. Leo anakimbia uwanjani na kutuvunjia vyungu vya maua. Bibi yake humwonyesha kila mgeni, akasema, "Huyu walitaka kumjaribu." Hatumjibu. Wa kwake alitibiwa kwa mazoea akapona, wa kwetu alitibiwa kwa mazoea akafa, na kwa mmoja na mmoja hapana awezaye kujua kama ni dawa, au ni kijidudu kingine, au ni ajali iliyokwisha kuandikwa.

Mwezi uliopita kijana alitujia tena, safari hii kwa miguu, pamoja na mama yake. Mkewe ana mimba ya pili, na daktari amekwisha kumwonya kwamba huyu naye huenda akatangulia wakati wake. Kijana akauliza swali lile lile la miaka ile. Hatukunyamaza. Tulileta karatasi na kalamu, tukaketi wote watatu barazani, tukaanza kuandika maswali ya kumpelekea daktari kabla ya siku yenyewe kufika, mchana, watu wakiwa na akili zao. Tulipomaliza la nne, bibi, aliyekuwa kimya muda wote akichambua mchele, aliinua kichwa.

"Ongeza moja," akasema. "Mwulizeni huyo daktari, wa kwake angemtia?"

Kijana alitutazama. Tukamwambia aliandike hilo juu ya mengine yote.